Tathmini ya eneo la kituo cha kuhamishia taka

Kituo cha kuhamishia taka ni mahali ambapo taka zilizozolewa mitaani kwa mikokoteni, maguta na magari madogo hupakuliwa, kisha kupakiwa kwenye malori makubwa yanayozipeleka dampo. Hazizikwi hapo wala hazichomwi. Tathmini ya eneo hufanywa kabla ya ujenzi, ili kujua kama udongo, maji, hewa na majirani wa mahali hapo wataweza kuvumilia taka hizo zikipita kila siku.

Haja ya kituo kama hicho inaonekana wazi Dar es Salaam. Dampo la Pugu Kinyamwezi liko kilomita zipatazo 30 kutoka katikati ya jiji, mbali mno kwa mtu wa mkokoteni. Lakini wakazi wana sababu ya kuogopa mradi wowote wa taka. Mwaka 1988 watu wa Tabata walilishtaki jiji kwa sababu ya moshi na harufu ya dampo lao, wakashinda Mahakama Kuu. Dampo lilipohamishiwa Kunduchi Mtongani, wakazi wa huko nao walikwenda mahakamani, na mwaka 1991 wakashinda. Mara zote mbili eneo lilichaguliwa kwanza, na malalamiko ya majirani yakasikilizwa baadaye, mbele ya jaji. Kwa hiyo mkutano wa wananchi unastahili kufanyika kabla mchoro haujakamilika, huku bado inawezekana kuwaambia kwamba eneo limebadilishwa.

Kwa Tanzania, msingi wa kisheria ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayodai tathmini ya athari kwa mazingira na iliyolikabidhi Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) kazi ya kuisimamia. Sheria hiyo pia inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kudhuru mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Katika bonde kama la mto Msimbazi, jijini Dar es Salaam, umbali huo hautoshi. Mafuriko ya Desemba 2011 yalifika mbali zaidi ya hapo. Alama ya maji kwenye kuta za nyumba za jirani, na kumbukumbu ya wazee wa mtaa, ni vipimo vya kuaminika kuliko futi kamba.

Maji ndiyo yanayostahili uchunguzi mrefu kuliko yote. Taka za miji yetu zina maganda, mabaki ya chakula na majani mengi. Zikirundikwa hutoa maji meusi makali. Pwani, ambako udongo mara nyingi ni kichanga na watu wengi hutegemea visima, maji hayo huzama haraka. Kina cha maji ya ardhini hupimwa wakati wa masika, si kiangazi tu, na visima vya jirani huchukuliwa sampuli kabla ya ujenzi, kwa kuwa bila kipimo cha mwanzo hakuna atakayeweza kuthibitisha madhara baadaye. Sakafu iwe ya zege, yenye mteremko kuelekea shimo la kukusanyia, na paa litenganishe mvua na taka.

Harufu nayo ina msimu wake. Mchunguzi aliyefika Januari, kaskazi ikivuma, atawahoji watu wa upande mmoja. Ifikapo Julai kusi itaipeleka harufu kwa wengine kabisa. Vilevile hutazamwa shule, zahanati na masoko ya karibu, barabara itakayobeba malori, na njia za ndege zinazotua na kuruka, kwa sababu kunguru na korongo hufuata taka na wanaweza kugongana nazo.

Tathmini nyingi huishia kwenye ardhi, na hapo ndipo zinapokosea. Eneo zuri lisilo na malori huwa dampo ndani ya wiki. Kituo kinachopokea tani 100 kwa siku, kikitumia malori ya tani 10, kinahitaji safari kumi. Iwapo foleni inaruhusu kila lori safari mbili tu, yanatakiwa malori matano, na la sita la akiba, iwapo moja litaharibika.