Mnada wa Garissa na Neno la Dalali



Nabii Ezekieli, katika sura ya 27, anapowahesabu wafanya biashara wa mji mkubwa wa Tiro, hawaachi nje watu wa Kedari, wafugaji wakaao hemani. Hao hawakuleta dhahabu wala nguo za zambarau. Walileta kondoo na mbuzi, na nabii akawaandika pamoja na matajiri wengine. Leo nataka tuzungumze juu ya mahali pa namna hiyo katika nchi yetu wenyewe, nao ni mnada wa mifugo wa Garissa, karibu na mto Tana.

Najua wengi wetu huku bara tukisikia jina la Garissa tunakumbuka tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 walipouawa katika Chuo Kikuu, wengi wao wanafunzi. Hatuwezi kusahau siku ile. Lakini mji huo ulikuwa na habari zake kabla ya siku ile, na nyingi kati ya hizo tumekuwa tukizila mezani petu bila kuuliza zimetoka wapi.

Tukitajiwa maonyesho ya mifugo, sisi huwaza Show ya Nairobi au ya Nakuru, na madume yaliyopigwa brashi yakivishwa utepe. Chama kinachoandaa Show hizo kilianza mwaka 1901, kazi ya walowezi kwa faida ya walowezi. Mfugaji wa kaskazini hakuwa na nafasi humo. Show yake ilikuwa mnada, na mwamuzi wake alikuwa mtu mwenye fedha mkononi.

Hata huo mnada haukuwa rahisi kuufikia. Mwaka 1926 serikali ya kikoloni iliifanya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ile iliyoitwa NFD, kuwa nchi iliyofungwa; mtu hakuingia wala kutoka bila kibali. Sheria ya 1934 ikaongeza uzito, maana iliwapa maofisa uwezo wa kukamata watu wa kabila lililohesabiwa kuwa adui na kutwaa mali yao. Na mali yao ilikuwa nini, kama si ng'ombe na ngamia? Juu ya hayo kulikuwa na karantini. Sotoka na homa ya mapafu ya ng'ombe yalikuwa magonjwa ya kweli, hatubishi. Lakini karantini ile ilimlinda pia mlowezi asishindane na nyama ya bei nafuu, na mimi naona faida hiyo haikumchukiza.

Uhuru ulipokuja, lango halikufunguka mara moja. Tarehe 28 Desemba 1963 ilitangazwa hali ya hatari, na vita vya Shifta vikaendelea mpaka mapatano ya Arusha ya Oktoba 1967. Watu walikusanywa katika vijiji chini ya ulinzi, mifugo mingi ikatwaliwa au ikauawa. Novemba 1980, baada ya maofisa wa serikali kuuawa mjini Garissa, sehemu ya mji ilichomwa moto na wakazi wakakusanywa uwanjani. Tume ya Ukweli iliyaandika mateso yao katika ripoti yake ya 2013. Sheria za hatari hazikuondolewa mpaka mwaka 1991.

Katikati ya hayo yote, ng'ombe waliendelea kuja. Kwa muda serikali yenyewe ilikuwa mnunuzi, kwa njia ya Idara ya Masoko ya Mifugo, LMD, iliyowanunua, ikawaweka katika malisho ya karantini, kisha ikawauza kwa ranchi za bara wanenepeshwe. Idara ile ilipofifia, wafanya biashara wakashika kazi wenyewe. Kisha Januari 1991 serikali ya Somalia ikaanguka, na wenye ng'ombe wa Juba ya Chini waliozoea kuuza Kismayo na Mogadishu wakageuza nyuso kuelekea Garissa. Katika miaka iliyofuata idadi ya ng'ombe waliouzwa pale iliongezeka mara kadhaa. Nchi isiyo na serikali wala benki ikawa inalisha Nairobi!

Je, iliwezekanaje? Fikirini, ndugu zangu. Ng'ombe ameswagwa kwa miguu majuma kadhaa kutoka pande za Afmadow. Mnunuzi ametoka Nairobi au Mombasa, hajui Kisomali, wala hawezi kusoma alama iliyochomwa ubavuni mwa mnyama. Kati yao anasimama dalali. Yeye anamjua muuzaji na ukoo wake. Akisema ng'ombe huyu si wa wizi, basi amejitia rehani mwenyewe. Mwenye ng'ombe akitokea kesho, dalali ndiye atakayetafutwa. Kwa desturi ya kale ya Wasomali, bei huzungumzwa kwa vidole chini ya kitambaa, hata waliosimama karibu wasijue. Watu waliofundishwa kuogopana kwa miaka mingi wamekuwa wakishikana mikono hivyo kila Jumatano.

Neno la dalali haliwezi kuzuia ugonjwa wala jua. Mwisho wa 2006 homa ya Bonde la Ufa ilipozuka Garissa na Ijara, watu zaidi ya 150 walikufa nchini mpaka ilipotulia 2007, na mifugo ikazuiwa kuuzwa na kuchinjwa. Mwenye kundi la mamia akakosa fedha ya unga. Na ukame hufanya vivyo hivyo kwa njia nyingine: ng'ombe akikonda bei yake huanguka, na wakati huo huo mahindi hupanda, hata mtu hutoa mnyama wa tatu au wa nne kwa chakula alichokipata zamani kwa mmoja. Kutoka mwisho wa 2020 hadi 2022 mvua zilikosa misimu mitano mfululizo. Kisha, Novemba 2023, zilikuja kwa fujo. Mafuriko yakakata barabara kati ya Garissa na Madogo. Mifugo iliyosalimika na ukame ilikuwa upande mmoja wa maji, na njia ya kwenda Nairobi upande wa pili.