Kilemba cha Lumbesa

Pita Njabini au Engineer msimu wa mavuno uone magunia ya waru kando ya barabara. Gunia limejaa hadi mdomoni, halafu juu yake limeshonewa kilemba cha wavu, nacho kimejaa pia. Hiyo ndiyo lumbesa. Mkulima hulipwa kwa gunia, si kwa kilo, kwa hivyo kilemba kile ni viazi vya bure.

Kinangop ilikuwa ardhi ya walowezi hadi miaka ya 60, mashamba yao yaliponunuliwa chini ya mpango wa ekari milioni moja. Pesa zilikuwa za mkopo, na familia zilizopata vipande zilipata deni pamoja na shamba. Deni halingoji. Kwenye baridi ile mahindi hukawia mno, lakini waru unavuna baada ya miezi mitatu, minne hivi. Kulikuwa na maziwa, kulikuwa na pareto. Pareto ikaja kuzama, wakulima wakichoka kungoja malipo yaliyocheleweshwa. Broka wa waru yeye alikuja na pesa mkononi. Angekataliwaje?

Leo waru ni zao la pili la chakula nchini baada ya mahindi, na Nyandarua iko mbele. Karo, mbolea, kibarua cha wapakiaji, yote hutoka kwenye gunia. Hata kaunti hutoza ushuru kwa gunia, kumaanisha kilemba kinaipita nayo pia.

Aina inayotawala ni Shangi, iliyosambaa shamba hadi shamba kabla serikali haijaitambua rasmi. Inaiva haraka jikoni na chipsi zake ni tamu. Shida ni kwamba baada ya kuvunwa huchipua ndani ya wiki chache tu. Huwezi kuificha stoo ukingoje bei ipande, na broka anajua.

Kanuni za 2019 zilisema gunia lisizidi kilo 50. Sawa. Lakini mkulima mmoja akikataa kilemba, lori linasonga hadi kwa jirani.

Januari 2022 KFC waliishiwa chipsi kwa sababu meli zilichelewa kuleta viazi kutoka nje, na Wakenya wakawaka mtandaoni: mbona visitoke hapa? Swali zuri. Ila hakuna aliyeuliza kuhusu kilemba, ambacho Marikiti hufunguliwa, kikamiminwa kwenye ndoo na kuuzwa, ndoo baada ya ndoo.