Yao Ming na sura ya Mchina machoni pa Wamarekani

Tarehe 26 Juni 2002, timu ya mpira wa kikapu ya Houston Rockets ilimchagua Yao Ming, kijana wa Shanghai mwenye umri wa miaka 21 na kimo cha mita 2.29, awe wa kwanza miongoni mwa wachezaji wote wapya wa mwaka huo. Kabla yake hakuna mgeni aliyewahi kuipata nafasi hiyo bila kupitia kwanza katika chuo kikuu cha Kimarekani. Hakeem Olajuwon wa Nigeria, aliyechaguliwa na timu hiyohiyo mwaka wa 1984, alikuwa amekwisha kulelewa kimchezo katika Chuo Kikuu cha Houston. Yao alitoka moja kwa moja katika klabu ya Shanghai Sharks, naye hakuwa bado na Kiingereza cha kutosha kujieleza mbele ya waandishi wa habari.

Ili kufahamu uzito wa tukio hilo, hapana budi kurudi nyuma. Wachina walioingia California katika karne ya 19 walifanya kazi ya kupasua milima ili reli ya kuvuka bara ipite, reli iliyokamilika mwaka wa 1869. Miaka 13 baadaye, sheria ya mwaka 1882 iliwafungia mlango vibarua wa Kichina. Na ilipofutwa mwaka 1943, nafasi zilizotolewa kwa mwaka mzima zilikuwa 105 tu. Kwa muda wote huo, na hata baada ya sheria mpya ya uhamiaji ya mwaka 1965, Mmarekani wa kawaida alikuwa na picha chache za Mchina: dobi, mpishi, mjanja wa sinema asiyeaminika, na hatimaye mwanafunzi hodari wa hisabati mwenye miwani. Picha hizo hazikufanana, ila zilikubaliana juu ya jambo moja, yaani mwili wa Mchina ni mdogo na dhaifu. Bruce Lee alikuja kulitikisa wazo hilo, lakini yeye naye alishangiliwa kwa sababu alikuwa mdogo akawashinda wakubwa. Tena alizaliwa San Francisco.

Ndiyo maana kuwasili kwa Yao kulipokewa kwa mashaka yaliyochanganyika na mzaha. Katika mchezo wake wa kwanza, tarehe 30 Oktoba 2002, hakupata hata pointi moja. Charles Barkley, mchezaji mashuhuri wa zamani aliyekuwa mchambuzi wa televisheni, alimwekea dau mwenzake Kenny Smith kwamba Yao akifikisha pointi 19 katika mchezo mmoja, yeye angembusu Smith makalio. Tarehe 17 Novemba Yao alirusha mpira mara tisa, na mara zote tisa ukaingia. Akapata pointi 20. Smith alileta punda studio, na Barkley akalipa deni lake kwa mnyama huyo mbele ya watazamaji. Kisa hicho husimuliwa kama kichekesho, na kweli kinachekesha. Hata hivyo kinaonyesha jinsi kiwango cha matumaini kilivyokuwa chini: pointi 19 si ajabu kwa mchezaji wa daraja lake.

Jambo lililo zito zaidi kwa mwanafunzi wa lugha ni lile la Shaquille O'Neal. Mnamo Juni 2002, O'Neal, aliyekuwa nguzo ya Los Angeles Lakers, alimpelekea Yao salamu kwa njia ya televisheni, akatoa mlolongo wa silabi za kuiga Kichina. Watu wakacheka, mambo yakapita. Mnamo Januari 2003 mwandishi Irwin Tang alilifufua jambo hilo katika gazeti la AsianWeek, akauliza kwa nini dhihaka ya namna hiyo ivumiliwe ikiwa inawahusu Waasia. O'Neal aliomba radhi. Yao alijibu kwa upole kwamba anaamini mwenzake alifanya mzaha, ingawa Waasia wengi hawataufahamu mzaha wa aina hiyo. Akaongeza kwamba Kichina ni kigumu, na hata yeye kilimtaabisha alipokuwa mtoto.

Silabi zile ni nini hasa? Si Kichina cha Beijing, wala si lahaja ya Shanghai aliyokulia Yao, wala si Kikantoni cha wahamiaji wa kwanza. Ni msemo usio na msamiati wala maana, ambao kazi yake pekee ni kumwambia msemwa kwamba lugha yake ni kelele. Wagiriki wa kale walifanya hivyohivyo walipowaita wageni kwa neno lililoiga kubwabwaja kwao. Mwigaji wa Kichina hushikilia hasa kupanda na kushuka kwa sauti, kwa maana sikio lake halijui kwamba toni hutenga neno na neno. Msomaji anayesema Kiluba, Lingala au Kibemba halihitaji somo hilo, kwa kuwa lugha yake ni ya toni pia. Pamoja na hayo, Afrika haina haki ya kujisifu: katika miji yetu mingi watoto humpokea kila mwenye sura ya Kiasia kwa silabi zilezile, awe Mchina, Mkorea au Mjapani.

Siku chache baadaye, tarehe 17 Januari 2003, wawili hao walikutana uwanjani Houston. Mara tatu za kwanza O'Neal alipoelekea kikapuni, Yao aliuzuia mpira. Rockets walishinda kwa 108 dhidi ya 104 baada ya muda wa nyongeza. Haifai kutia chumvi: O'Neal alimaliza na pointi 31, Yao na 10. Lakini kilichobaki katika kumbukumbu ni zile mara tatu. Mwezi uliofuata, Yao ndiye aliyeanza katika mchezo wa nyota wote, baada ya kumshinda O'Neal kwa kura za mashabiki, nazo karatasi za kura zilikuwa zimechapishwa kwa Kichina pia.

Je, sura ya zamani ilikufa? La hasha, ilibadilishwa mavazi. Badala ya Mchina mdogo akatokea Mchina jitu, na magazeti yakamwita Yao ukuta, kana kwamba mtu wa Uchina hawezi kufananishwa na kitu kingine. Tarehe 16 Desemba 2002, alipocheza Miami kwa mara ya kwanza, watazamaji waligawiwa biskuti 8,000 zenye vikaratasi vya ubashiri ndani, kwa kudhaniwa kuwa ni desturi ya kwao. Biskuti hizo huliwa katika mikahawa ya Kichina ya Marekani. Nchini Uchina si desturi, na Yao hakuwahi kuziona huko.

Kilichomtoa katika umbo la ukuta ni maneno, si mabao. Mwanzoni alisema kwa kinywa cha mkalimani wake, Colin Pine. Kadiri Kiingereza chake kilivyokua, ndivyo watu walivyogundua kwamba jitu hilo lina ucheshi, tena ucheshi wa kujicheka mwenyewe. Msimu wa 2004 aliungana naye Houston Mkongo Dikembe Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa, wakawa pamoja hadi mwaka 2009. Mutombo alikuwa amehitimu isimu na diplomasia katika Chuo Kikuu cha Georgetown mwaka 1991, akijua Kifaransa, Kiingereza na lugha kadhaa za Afrika ya Kati. Hayo hayakuwazuia Wamarekani kuigiza sauti yake nzito kila walipotaka kuchekesha. Alijua basi, kuliko wengi katika timu ile, maana ya kusikilizwa kwa lafudhi kabla ya kusikilizwa kwa hoja.

Majeraha ya mguu yalimlazimisha Yao kustaafu tarehe 20 Julai 2011. Mnamo Februari 2012 akang'aa New York kijana mwingine, Jeremy Lin, mzaliwa wa California na mhitimu wa Harvard, ambaye wazazi wake walitoka Taiwan. Mhariri mmoja wa tovuti ya ESPN alifukuzwa kazi kwa kichwa cha habari chenye neno la kuwatukana Wachina. Lin hakuwa mgeni kwa sheria yoyote, lakini alisomwa kama mgeni. Mlango aliofungua Yao ulikuwa ni wa wageni mashuhuri, si wa raia wenye sura kama yake.

Agosti ya mwaka huohuo Yao alikuwa Kenya, akitazama mizoga ya ndovu waliouawa kwa ajili ya pembe, katika nchi ambapo jina la Mchina lilikuwa likitajwa pamoja na biashara hiyo. Aliporudi, aliitumia sauti yake kuwataka Wachina wenzake waache kununua pembe. Mwishoni mwa 2017 serikali ya Uchina iliifunga biashara hiyo ndani ya nchi. Hapa hakuwa akiwaonyesha Wamarekani Mchina ni nani. Alikuwa akisema na watu wake, na walimsikia.

Oktoba 2019 mambo yaligeuka. Daryl Morey, meneja mkuu wa Houston Rockets, aliandika maneno machache ya kuwaunga mkono waandamanaji wa Hong Kong. Shirikisho la mpira wa kikapu la Uchina likakata ushirikiano na Rockets, na televisheni ya taifa ikasimamisha matangazo ya ligi ya Marekani. Rais wa shirikisho hilo, tangu mwaka 2017, alikuwa Yao Ming. Mwaka uliofuata, katika uchunguzi wa kituo cha Pew, asilimia 73 ya Wamarekani walisema kwamba hawaipendi Uchina, na wakati huohuo, kwa kisingizio cha ugonjwa wa Korona, watu wa asili ya Kiasia walikuwa wakitukanwa na kupigwa katika mitaa ya miji ya Marekani. Wengi wao walizaliwa hukohuko, na wengine walipata kulivaa fulana lenye namba 11 la Houston walipokuwa watoto.