Haraka ya kushusha presha wodini

Miaka ya 1980, katika hospitali nyingi za Marekani na Ulaya, mgonjwa aliyepimwa usiku akakutwa na presha ya 190 kwa 110 hakuachwa alale. Daktari wa zamu aliagiza dawa iitwayo nifedipini. Kapsuli ilitobolewa kwa sindano, umajimaji wake ukadondoshwa chini ya ulimi wa mgonjwa. Dakika chache baadaye presha ilianza kushuka, na wote wakaridhika.

Haraka hiyo ilikuwa na chimbuko. Rais Franklin Roosevelt wa Marekani alifariki kwa kiharusi tarehe 12 Aprili 1945, presha yake ikisoma 300 kwa 190, na madaktari wake hawakuwa na dawa ya maana ya kuishusha. Mwaka 1967 na 1970, tafiti zilizoongozwa na daktari Edward Freis katika hospitali za wanajeshi wastaafu zilithibitisha kwamba kushusha presha kunaokoa maisha. Lakini wagonjwa wale walitibiwa kwa miezi na miaka, si kwa dakika.

Nifedipini yenyewe iliidhinishwa Marekani kwa maumivu ya kifua yatokanayo na moyo. Kutumika kwake kushusha presha ya dharura hakukuwa na ushahidi wa kutosha. Madaktari waliiandika kwa sababu haikuhitaji dripu wala kitanda cha wagonjwa mahututi.

Ubongo wa mtu aliyeishi na presha kubwa kwa miaka huwa umeizoea. Ikiporomoka ghafla, damu haiufikii ipasavyo, na moyo nao hupungukiwa. Taarifa za viharusi, mshtuko wa moyo na vifo zikarundikana. Mwaka 1996 madaktari Ehud Grossman, Franz Messerli na wenzao walitaka matumizi hayo ya nifedipini yasitishwe, wakaeleza pia kwamba dawa hiyo hufyonzwa kidogo sana chini ya ulimi. Sehemu kubwa humezwa.

Mwaka 2024 Chama cha Moyo cha Marekani kilishauri kwamba presha ya mgonjwa aliyelazwa ikipanda bila dalili za kiungo kuumia, kwanza itafutwe sababu, yakiwemo maumivu, wasiwasi na dawa za nyumbani zilizokatizwa.

Ndugu msomaji, ukimpeleka mgonjwa wako hospitali, beba dawa zake zote na umwonyeshe daktari. Akipooza, akiishiwa pumzi au akibanwa na kifua, hiyo ni dharura. Ikiwa hana dalili yoyote, usimshinikize daktari ashushe presha usiku huohuo.