Sotoka ya mbuzi na kondoo: chanjo ya upande mmoja wa mpaka haitoshi

Sotoka ya mbuzi na kondoo ni ugonjwa wa virusi unaoenea mnyama mgonjwa anapokaa karibu na mzima. Dalili zake ni homa kali, makamasi, vidonda mdomoni, kuhara na kupumua kwa shida. Hauambukizi binadamu, lakini hauna dawa ya kuutibu.

Tanzania iliuthibitisha mwaka 2008. Burundi ulizuka mara ya kwanza mwishoni mwa mwaka 2017.

Kwa mfanyabiashara anayepeleka mbuzi Musaga, kusini mwa Bujumbura, hatari ni kwamba dalili huchukua kama siku 4 hadi 6 kutokea. Mbuzi anayeonekana mzima sokoni anaweza kuwa tayari ana virusi. Akipelekwa zizini badala ya kuchinjwa, huwaambukiza wengine, na mtaji hupotea.

Kinga inajulikana. Dozi moja ya chanjo hulinda mnyama kwa miaka 3 au zaidi. Mnyama mpya atengwe siku 21 kabla ya kuchanganywa na kundi, na vifo vya ghafla viripotiwe mara moja kwa daktari wa mifugo.

Mwaka 2015, FAO na Shirika la Afya ya Wanyama Duniani yaliweka lengo la kuutokomeza ifikapo 2030. Inawezekana: sotoka ya ng'ombe ilitangazwa kutokomezwa mwaka 2011. Lakini mbuzi huvuka mipaka. Nchi jirani zisipochanja kwa pamoja, ugonjwa hurudi na bidhaa.