Nani analipia mafunzo ya daktari wako? Ijue ruzuku ya pamoja

Daktari haachi kusoma siku anapovalishwa joho. Dawa mpya zinaingia sokoni, za zamani zinagundulika kuwa na madhara, miongozo ya tiba inabadilika. Ndiyo maana nchini Kenya, kwa mfano, daktari anatakiwa kukusanya pointi za mafunzo endelevu ndipo ahuishiwe leseni yake.

Sasa, mafunzo hayo ni gharama. Kuna mkufunzi, ukumbi, vitini, na siku nzima ambayo daktari hayupo kliniki. Hela inatoka wapi? Njia moja ni ruzuku ya pamoja.

Ruzuku ya pamoja ni nini?

Ni fedha zinazochangwa na wafadhili zaidi ya mmoja na kuwekwa kwenye kapu moja. Kisha hupewa chama cha madaktari, chuo au hospitali ili iendeshe mafunzo kwa wahudumu wa eneo lake. Si mkopo, hairudishwi. Mwombaji anaeleza pengo la ujuzi lililopo, atamfundisha nani, kwa bajeti gani na matokeo yatapimwaje.

Kwa nini wachange wengi?

Kampuni moja ya dawa ikilipa peke yake, ni rahisi semina kugeuka tangazo la bidhaa yake. Wakichanga wengi, inakuwa vigumu kumbeba mmoja. Lakini wote wakiwa wa biashara ileile, maslahi bado yapo. Hapo ndipo kanuni zinapohitajika.

Mfano wa Marekani

Julai 2012, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha mpango wa kuzitaka kampuni zinazotengeneza dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni kugharamia mafunzo ya wanaoziandikia wagonjwa. Zililengwa zile zinazofanya kazi mwilini kwa saa nyingi. Dawa hizi huleta uraibu, na dozi ikizidi mgonjwa anaweza kuacha kupumua.

Kampuni zaidi ya 20 ziliungana na kutoa ruzuku kwa taasisi za mafunzo zenye ithibati. Mwongozo wa nini kifundishwe uliandaliwa na FDA. Mafunzo yalianza 2013, bure au kwa ada ndogo. Mwaka 2018 mpango ukapanuliwa kugusa dawa za muda mfupi pia, pamoja na wauguzi na wafamasia.

Ilifanikiwa?

Nusu nusu. Kati ya waandikaji dawa 320,000 waliolengwa, matarajio yalikuwa kuwafikia asilimia 60 ndani ya miaka minne. Hadi 2017 waliomaliza walikuwa takriban 88,000, yaani kama asilimia 28. Mpango huo haukumlazimisha daktari kuhudhuria. Hela ilikuwepo na darasa lilikuwepo, ila wengi hawakuja.

Mipaka ya mfadhili

Baraza la Marekani linalotoa ithibati kwa mafunzo haya, ACCME, lililoanzishwa 1981, limeweka mipaka iliyo wazi:

- Kampuni inayofadhili haichagui mada wala mkufunzi.
- Fedha zinasimamiwa na mwandaaji. Mfadhili hampi mkufunzi bahasha mkononi.
- Washiriki wanaambiwa nani kafadhili kabla somo halijaanza.
- Matangazo ya dawa hayachanganywi na somo.

Ukipewa ruzuku, uliza haya

Kama uko kwenye kamati ya mafunzo ya hospitali au chama chenu, msisaini kabla ya kujibu maswali haya:

1. Mada imetokana na shida ya wagonjwa wetu, au imekuja na mfadhili?
2. Nani ana neno la mwisho kuhusu slaidi?
3. Je, mkataba umeandikwa, na kila mchangiaji ametajwa?
4. Walio zamu na walio zahanati za mbali watahudhuria vipi?
5. Baada ya miezi sita tutajuaje kama tiba imebadilika, zaidi ya kuhesabu sahihi za mahudhurio?

Swali la nne msilipite haraka. Kama mfano wa Marekani unavyoonyesha, ruzuku inaweza kufungua darasa lakini haimwingizi mtu ndani. Na asipoingia, anayebeba gharama ni mgonjwa aliyeandikiwa dozi isiyomfaa.