Isidore Bakanja, Mkristu wa Siku za Kazi



Mara nyingi wakristu wetu wanasema hivi: «Siku ya Mungu ninasali vizuri. Ninasikia Misa, ninaimba, ninarudi nyumbani na moyo mweupe. Lakini siku za kazi nitafanya nini? Ninaamka kungali giza, ninarudi giza limekwisha kuingia. Mkubwa wa kazi ananitukana. Mshahara hautoshi. Watoto wanaugua. Watakatifu walikaa katika konventi, walikuwa na nafasi ya kusali. Sisi tunatafuta chakula.»

Neno hilo si la kuchekwa. Anayelisema anabeba mzigo wa kweli. Kwa sababu hiyo hatutamjibu kwa mafundisho marefu. Tutamsimulia habari za mtu wa inchi yetu, aliyeishi kwa kazi ya mikono yake, tena chini ya mkubwa mkali kuliko wakubwa wote tunaowajua sisi. Jina lake ni Isidore Bakanja.

Bakanja alizaliwa kati ya mwaka 1880 na 1890, katika kijiji cha Bokendela, upande wa Ekwateri. Ni mbali na sisi tunaokaa karibu na maziwa makubwa. Kule ni inchi ya msitu na ya mito, watu wanasafiri kwa mtumbwi kuliko kwa miguu. Kabila lake ni Waboangi. Wazazi wake walikuwa watu wa kawaida, na hakuna aliyemtazama mtoto yule akafikiri: huyu jina lake litasomwa siku moja katika makanisa ya dunia nzima.

Siku zile zilikuwa siku mbaya. Tangu mwaka 1885 inchi yetu ilikuwa mali ya mfalme Léopold II wa Ubelgiji. Watu wa Ulaya walitaka mpira kwa ajili ya magurudumu ya baisikeli na ya motokari, na mpira ulipatikana katika miti na kamba za msitu wetu. Wanakijiji walilazimishwa kuuleta. Wasipoleta wa kutosha, walipigwa kiboko, au walifungwa, au wake zao walikamatwa. Kilio kilikuwa kikubwa hata kikasikika ng’ambo. Mwaka 1904 ilitumwa tume ya kuchunguza mambo hayo, na mwaka 1908 mfalme alinyang’anywa inchi, ikawa koloni ya Ubelgiji. Lakini mabadiliko yaliyoandikwa katika karatasi kule Ulaya hayakufika upesi msituni. Katika vituo vya makampuni, kiboko kilibaki ukutani palepale kilipotundikwa.

Bakanja, kama vijana wengi, aliacha kijiji akaenda kutafuta kazi katika mji wa Coquilhatville, unaoitwa leo Mbandaka. Bula Matari alimwandika kuwa msaidizi wa mafundi wa kujenga. Kila mtu aliyefanya kazi hiyo anaijua: kukoroga udongo, kubeba matofali, kupanda na kushuka toka asubuhi hata jua linapozama. Si kazi ya heshima. Fundi ndiye anayesifiwa kwa ukuta, si yule aliyemletea matofali.

Karibu na mji ule walikaa mapadri Watrapisti waliotoka Westmalle, Ubelgiji. Bakanja alisikia mafundisho yao, akayapenda. Baada ya kazi alikwenda kujifunza dini. Tarehe 6 Mei 1906 akabatizwa, akapewa jina la Isidore. Mwaka uleule, mwezi wa Novemba, alipata Kipaimara, na mwezi wa Agosti 1907 alipokea Komunyo ya kwanza.

Mapadri walimpa vitu viwili: rozari, na skapulari ya Bikira Maria wa Mlima Karmeli. Skapulari ni vipande viwili vidogo vya kitambaa vilivyounganishwa kwa kamba. Kimoja kinalala kifuani, kingine mgongoni. Mapadri walimfundisha kwamba mkristu anajulikana kwa alama hizo. Isidore aliyashika maneno hayo kama mtoto anavyoshika neno la baba yake. Tangu siku ile hakuvua skapulari, wala hakuacha rozari.

Mkataba wake wa kazi ulipokwisha, alirudi kwao. Kisha akaenda Busira, akapata kazi ya boyi kwa mzungu mmoja wa kampuni ya S.A.B., kampuni kubwa ya biashara iliyonunua mpira na pembe za tembo. Mzungu yule alipohamishwa kwenda kituo cha Ikili, Isidore alimfuata.

Ndugu, tufikiri kidogo. Kule Ikili hakukuwa na kanisa wala padri wala kengele ya kuwaita watu kwa sala. Wakristu walikuwa wachache mno. Nani angemwona Isidore kama angeacha sala? Nani angemgombeza? Wengi wetu, tukihama kwenda mahali pasipo na parokia, imani tunaiacha njiani kama mzigo mzito. Isidore hakufanya hivyo. Aliosha vyombo, alifagia nyumba, aliteka maji, na kazi ilipokwisha alichukua rozari yake. Wenzake walipomwuliza kitu kile ni nini, aliwaeleza. Walipotaka kujifunza, aliwafundisha sala alizozijua. Hakupewa na mtu cheo cha katekista. Lakini mwenye moto nyumbani hawezi kumnyima jirani anayekuja kuomba kaa.

Mkubwa wa kituo cha Ikili aliitwa Van Cauter. Watu weusi walimpa jina la Longange. Yeye aliwachukia wamisionari na mambo yao yote. Sababu yake inafahamika: mtu aliyefundishwa kwamba ni mtoto wa Mungu si rahisi kumfanya nyama ya porini. Tena wamisionari walikuwa na macho na midomo, waliweza kusema waliyoyaona. Longange akamkataza Isidore kufundisha wenzake. Alisema watu wote wakianza kusali, hakuna atakayefanya kazi. Akamwamuru pia kutupa skapulari.

Isidore alikuwa mtii katika kazi. Hakuna aliyemshitaki kwa uvivu wala kwa wizi. Lakini neno lile hakuweza kulitii. Aliomba ruhusa ya kurudi kwao, akakataliwa. Akapigwa. Skapulari ikabaki shingoni.

Mwanzo wa mwaka 1909 Longange alimwona tena na skapulari, hasira yake ikawaka. Akairarua shingoni mwake, akaitupa chini. Akaamuru Isidore alazwe na kupigwa kwa kiboko cha ngozi ya tembo chenye misumari. Fimbo zikapita mia. Mgongo wake ukawa kidonda kimoja. Kisha wakamfunga miguu kwa minyororo, wakamtia katika nyumba ya kukaushia mpira, akae humo peke yake.

Baada ya siku kidogo ikasikika habari kwamba mkaguzi wa kampuni anakuja. Longange aliogopa, akamwondosha Isidore asionekane. Isidore akajificha msituni, na mkaguzi alipofika akatoka mbele yake, akitembea kwa shida. Mkaguzi huyo, Mdachi aliyeitwa Dörpinghaus, alishtuka kuona vidonda vile. Akamkinga na Longange, akamchukua ili atunzwe. Tuone vema, ndugu: aliyempiga alikuwa mzungu, na aliyemwokoa mkononi mwake alikuwa mzungu pia. Ubaya na wema haviko katika ngozi ya mtu, viko katika moyo.

Lakini dawa hazikushinda. Vidonda vilioza. Miezi ikapita, Isidore akilala kifudifudi, maana mgongo haukuweza kugusa kitanda. Mwisho wa mwezi wa Julai mapadri wawili walifika kwake. Akaungama, akapokea Komunyo na Mpako mtakatifu. Walipomwuliza kwa sababu gani alipigwa, alieleza wazi: mzungu yule hakupenda wakristu, hakutaka avae skapulari, alimkaripia alipomwona anasali. Walipomwomba amsamehe, alijibu kwamba hana hasira naye. Kupiga ni jambo la yule aliyepiga, yeye ndiye anayepaswa kujua alilofanya. Akasema kwamba akifika mbinguni atamwombea sana.

Siku moja ya mwezi wa Agosti 1909, yule asiyeweza tena kusimama akaondoka kitandani. Watu wakashangaa. Akatembea polepole katika shamba la migomba, rozari mkononi. Akarudi, akala kidogo, akalala, akafa. Walimzika na rozari yake na skapulari yake. Baadaye mabaki yake yakahamishwa, yakapelekwa misioni ya Bokote.

Basi, turudi kwa yule ndugu yetu aliyesema hana nafasi ya kusali. Tumwulize: Isidore alipata wapi nguvu siku ile ya kiboko? Je, ilishuka ghafula toka mbinguni, kama mvua isiyo na mawingu? Neema ni ya Mungu, hilo ni kweli. Lakini Mungu hujenga kama fundi. Ukuta haujengwi siku moja. Linawekwa tofali, na juu yake lingine. Kila jioni Isidore aliposali rozari baada ya kuchoka, hilo lilikuwa tofali. Kila siku alipofanya vizuri kazi ya mkubwa asiyempenda, hilo lilikuwa tofali. Kila mara alipomjibu kwa upole mwenzake aliyemchekelea, tofali lingine. Tufani ilipokuja, ilikuta ukuta umekwisha kusimama. Tusimtazame katika siku ya kiboko tu. Siku ile ilikuwa moja, na siku za ndoo na ufagio zilikuwa nyingi.

Kuna jambo la pili. Isidore alisamehe, lakini hakudanganya. Kuna watu wanaofikiri kwamba kusamehe ni kuficha ubaya, kusema «hakuna neno» mahali penye neno. Yeye alijitokeza mbele ya mkaguzi. Alipoulizwa alisema ukweli wote, na jina la aliyempiga alilitaja. Mambo yakafika mbele ya waamuzi. Lakini moyoni hakuweka kisasi. Mama aliyeibiwa, mfanyakazi aliyenyimwa mshahara, mtu aliyeonewa na mwenye bunduki, wanaweza kujifunza hapo. Mkristu ana haki ya kutafuta haki. Asichoruhusiwa ni kulisha chuki, maana chuki humla kwanza yule aliyeifuga.

Ilipita miaka mingi kabla ya Kanisa lote kumjua. Tarehe 24 Aprili 1994, maaskofu wa Afrika walipokuwa wamekusanyika Roma katika Sinodi, Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza Isidore kuwa Mwenye Heri. Siku ileile aliwatangaza pamoja naye wanawake wawili wa Italia, wote wawili mama wa nyumba. Mmoja, Elisabetta Canori Mora, aliyekufa mwaka 1825, aliachwa na mume mwenye kumdharau na kufuata mwanamke mwingine. Alilea watoto wake kwa kazi ya mikono yake, wala hakuacha kumwombea mume yule. Alipokwisha kufa, mume alitubu, mwisho akawa padri. Mwingine, Gianna Beretta Molla, alikuwa daktari, mama wa watoto wanne. Mwaka 1962 alikufa baada ya kumzaa mtoto wa nne, kwa sababu alichagua uzima wa mtoto kabla ya uzima wake mwenyewe. Mwaka 2004 akatangazwa kuwa mtakatifu.

Tuwaangalie hao watatu waliosimamishwa pamoja: boyi wa kituo cha mpira, mama aliyeachwa, na daktari mwenye watoto. Hakuna hata mmoja aliyeishi katika konventi. Kila mmoja alimpata Mungu palepale palipokuwa na jasho lake na machozi yake. Kanisa lilitaka kutuonyesha kwamba njia ya mbinguni inapita pia katika jiko, katika hospitali, katika nyumba yenye taabu, na mbele ya mkubwa mwenye hasira.

Msomaji mpenzi, labda kesho hutapigwa kiboko. Lakini kesho kutakuwa na mkubwa atakayekusemesha vibaya. Kutakuwa na mtoto mwenye homa na mfuko usio na kitu. Kutakuwa na rafiki atakayekucheka kwa kuwa umefanya alama ya msalaba kabla ya kula. Usingoje siku kubwa ili uwe mkristu. Fanya kazi yako vizuri, hata pasipo mtu wa kukuona. Sema ukweli pasipo chuki. Na jioni, hata kama macho yanafumba kwa uchovu, chukua rozari yako, usali fungu moja pamoja na watu wa nyumba yako. Ukilala katikati ya Salamu Maria, usihuzunike, mama hamkasirikii mtoto aliyelala mapajani mwake.

Mwenye Heri Isidore Bakanja, mfanyakazi wa inchi yetu, utuombee.